Neno Lililosemwa Cherehani Ikitembea

Ugomvi wa kwanza wa ndoa ile uliletwa na kitanda. Fundi alikuwa mke mpya, anashona sare za shule, mguu kwenye kanyagio na kichwa kimeinama, mumewe amesimama mlangoni anaongea. Mume akasema hiki na kile, Fundi akaitikia, "Ndiyo." Akasema tena, akaitikiwa tena, "Ndiyo." Jioni mwanamke anaingia chumbani apumzishe mgongo, hee! Kitanda hakipo. Kumbe bwana alikuwa anaomba ruhusa ya kumwazima rafiki yake aliyepata wageni, na ruhusa alipewa, tena mara mbili. Wakalala chini, na Fundi akanuna mpaka mume akakosa raha.

Siku alipofungua mdomo, alitoa sheria. "Kuanzia leo, neno lililosemwa cherehani ikitembea si neno. Ukiwa na jambo, subiri isimame."

Mume akakubali, na sheria ile ikaishi kuliko kitanda chenyewe. Jamani, waliitumia vibaya wote wawili! Mume akitaka kusema mchuzi umezidi chumvi, anangoja gurudumu lizunguke. Fundi akitaka kumteta kaka wa mumewe, anakanyaga kwanza ndipo anafungua mdomo. Akiulizwa, "Umesemaje kuhusu kaka yangu?" anajibu, "Cherehani ilikuwa inatembea," na kesi imekwisha. Hata binti yao alikulia humo. Akivunja kikombe, anangoja mama awe kwenye pindo refu la pazia ndipo aje kuungama.

Huyo mume alikuwa mpanga barua posta, na akirudi nyumbani alikuwa mwandishi. Alitoa vitabu vidogo vitatu ambavyo majirani walijivunia bila kuvisoma. Cha nne kikakwama. Mtu akikutana naye njiani, "Vipi, kitabu kimekwisha?" anajibu, "Bado." Mwaka unakatika, "Bado." Mwisho jina likamganda. Watoto wa mtaa walimwamkia, "Shikamoo, Babu Bado," naye akaitikia marahaba bila kinyongo.

Kitabu chenyewe kilimhusu mlinzi wa ghala aliyepoteza funguo. Maskini akawa anazitafuta nyumba kwa nyumba, na kwa aibu hataki kusema anatafuta nini. Kila kipande alichoandika, Bado alikuja kumsomea mkewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, karatasi mkononi, jicho moja kwenye maandishi na jingine kwenye mguu wa Fundi. Mguu ukiendelea kukanyaga, alijua amechosha, akakata mistari. Mguu ukisimama, alijua amempata, akapaacha palivyo. Mara nyingine ni uzi tu ulikuwa umekatika, lakini Fundi hakumwambia. Vile vitabu vitatu vina kurasa kadhaa zilizookolewa na uzi mbovu.

Sasa ndipo linapoanza jambo lenyewe. Kifua cha Bado kilikuwa kimeharibika, pumzi fupi, hawezi tena kumaliza ukurasa kwa sauti. Alasiri moja Fundi alikuwa amekwisha kushona blauzi ya mteja, cherehani imesimama, anakata nyuzi kwa mkasi. Bado akaingia na faili lake la kahawia, akajikalisha polepole kwenye kiti cha wateja. Hakusoma. Alingoja mkasi nao unyamaze.

"Mke wangu," akasema, "nikifa kabla sijakimaliza hiki..."

Fundi akajua linakoelekea. Mguu ulikwenda wenyewe, hata hakuutuma. Kanyagio likashuka, gurudumu likazunguka, sindano ikaanza kupiga trrrr kama mvua ya mabati, na chini ya sindano hapakuwa na kitu. Blauzi ilikuwa mapajani mwake! Sasa hilo fundi yeyote atakwambia ni kosa: unaendeshaje mashine tupu, uzi ujisokote na meno yasagane chuma kwa chuma? Yeye mwenyewe alishawafokea wanafunzi wake mpaka wakalia kwa ajili ya hilohilo. Lakini siku ile alikanyaga kama anafukuzwa.

Bado akapandisha sauti kidogo, akamalizia sentensi yake. "...kichome. Sitaki mtu akione kikiwa nusu."

"Ndiyo," Fundi akasema, macho kwenye sindano.

Mume akamtazama, akaitazama mashine, akaliweka faili juu ya kikapu cha mabaki ya vitambaa, akatoka ameshika ukuta. Hakulirudia neno lile. Baadaye akalazwa hospitali, na kutoka huko hakurudi.

Basi Fundi akabaki na swali lililomla kuliko msiba wenyewe. Lile lilikuwa neno, au halikuwa neno? Kama lilikuwa neno, basi amemwahidi mtu anayekufa na hajatimiza, na marehemu yuko huko anangoja. Kama halikuwa, ni kwa sababu yeye amelidhulumu kwa mguu wake. Mume alingoja kimya, akakipata, akaanza kusema cherehani ikiwa imesimama. Sheria anaijua, ameifuata maisha yake yote. Halafu mke anamfanyia hila. Tena cherehani yenyewe inayotembea bila kitambaa, hiyo nayo inatembea? Fundi aliligeuza hilo jikoni, akaligeuza sokoni, akaligeuza huku akipimia mteja kiuno mpaka akaandika kipimo cha kiuno mahali pa bega.

Kazi ikaanza kumtoka mikononi. Alishona mkono wa kulia upande wa kushoto, akaufumua, akaurudisha palepale. Faili lile alilihamisha kikapuni akalitia chini ya godoro. Akaona panya watalipata, akalipeleka kabatini nyuma ya mashuka. Akaona binti atalikuta, akalirudisha kikapuni. Asubuhi moja alilikosa kila mahali, akapindua nyumba nzima, akalikuta amelikalia. Kulifungua hakuthubutu. Aliogopa kurasa za mwisho ambazo hakuwahi kusomewa. Alijiambia kwamba akizisoma tu, basi keshachagua.

Wiki ile simu zikaanza. Kwanza akapiga mhariri wa shirika lililotoa vile vitabu vitatu, dada mmoja mwenye sauti ya upole. "Mama, pole tena kwa msiba. Nitakuja Jumamosi tuzungumze kuhusu mswada. Tuna wazo zuri sana."

"Karibu, mwanangu," Fundi akasema.

Hajakaa sawa, akapiga shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Huyu alikuwa mkaguzi wa mizani maisha yake yote, na hata baada ya kustaafu watu walimwita Mkaguzi. Mtu wa kunyoosha mambo. Akiingia dukani, muuza nyama anaifuta mizani kwanza.

"Shemeji," Mkaguzi akasema, "nakuja Jumamosi. Nina neno la marehemu la kukufikishia."

"Neno gani, Shemeji? Si unaweza kuniambia sasa hivi?"

"La hasha. Neno la marehemu halisemwi kwenye simu."

Fundi alikaa na simu mkononi hata baada ya mwenzake kukata. Anajua, akasema moyoni. Bado alimwambia. Ile hila yote anaijua, anakuja kunisomea mbele ya watu.

Ijumaa asubuhi uzalendo ukamshinda. Akasema bora nitimize, liniondoke. Akawasha jiko la mkaa uani, akalipepea mpaka likakolea, akaleta faili, akachuchumaa. Akatoa ukurasa wa kwanza. Mwandiko wa Bado ulikuwa umelala upande, kama mtu anayetembea kwenye upepo. Akausogeza ukurasa kwenye kaa, kona ikashika, ikawa nyeusi, moshi mwembamba ukapanda.

"Hodi hapa! Jirani, naomba makaa mawili, jiko langu limezima."

Alikuwa mama wa nyumba ya pili, na kijiko chake cha bati. Fundi aliruka, akauzima ukurasa kwa kiganja kitupu, akaukalia.

"Kuna nini kinaungua?" jirani akauliza, pua juu.

"Kitambaa. Vipande tu."

"Mbona kinanukia karatasi? Hebu kiganja hicho! Loo, jirani, umeungua!"

"Pasi," Fundi akasema.

Jirani akatazama jiko, akamtazama yeye aliyekaa chini kama kuku aliyelalia mayai, akachota makaa yake na kuondoka bila neno la ziada, jambo ambalo kwa mama yule lilikuwa geni kabisa. Fundi akabaki pale analia kwa hasira. Kuchoma hawezi. Kutochoma hawezi. Akaupangusa ukurasa, akaurudisha kwenye faili na kona yake iliyoliwa.

Jumamosi binti yake alikuja mapema kusaidia kupokea wageni. Alikuwa mkunga, mtu mzima mwenye kwake, lakini akiingia nyumba ile alirudi kuwa mtoto.

"Mama, mkono umefanya nini?"

"Pasi."

"Na mbona unashona? Leo si kuna wageni?"

"Kazi ya watu haingoji wageni," Fundi akasema, akakanyaga. Ukweli ni kwamba hakuweza kukaa mikono mitupu. Aliogopa kimya cha chumba kile kuliko alivyoogopa wageni.

Mhariri akafika na mkoba mkubwa na pole nyingi. Akapewa kiti, akapewa chai, akaanza kueleza. Cherehani ikaendelea. Dada wa watu alidhani ndivyo mama anavyotuliza moyo, akapaza sauti juu ya mashine bila kulalamika.

"Mama, wasomaji wanamwulizia. Sisi tunasema kitabu kisipotee. Tunaye mwandishi kijana, hodari sana, ameshasoma vitabu vyote vitatu vya mzee. Anaweza kuandika sura zilizobaki kwa namna ileile, hata wewe usijue mzee ameishia wapi na yeye ameanzia wapi. Kitatoka kamili, kwa jina la mzee. Unaonaje, Mama?"

"Ndiyo," Fundi akasema, mguu ukienda.

"Kwa hiyo unakubali amalizie?"

"Ndiyo, ndiyo."

Mhariri akatabasamu, akashusha pumzi, akanywa chai. Binti akamtazama mama yake, akautazama mguu, akauma mdomo asicheke.

Ndipo Mkaguzi akabisha. Aliingia na fimbo yake, suruali imenyooshwa mstari, akasalimia mmoja mmoja, akakaa kwenye kiti cha wateja kwa sababu ndicho kilichobaki. Fundi alipoona mtu amekaa kile kiti, akaongeza mwendo.

"Shemeji, simamisha hicho kitu tuongee."

"Nakusikia, Shemeji. Sema tu."

Mkaguzi akakohoa. "Vizuri. Na huyu mgeni asikie pia, maana linamhusu. Marehemu alitaka kitabu kile kichomwe."

Kikombe cha mhariri kikagonga kisahani. Binti akageuka. "Baba alisema hivyo? Mama, baba alikuambia akichomwe?"

"Kichomwe," Mkaguzi akasahihisha, kwa sababu hata pale hakuweza kujizuia. "Alimwambia. Nami aliniambia kwamba amemwambia. Nilikuwa naye hospitali ile siku ya mwisho aliyoweza kuongea. Akasema, 'Kaka, nilimwambia mke wangu nikifa akichome, sitaki mtu akione kikiwa nusu.' Nikamwambia, umefanya vizuri, mtu kamili haachi kazi nusu. Basi."

Fundi alikuwa haoni tena mshono. Kitambaa kilikuwa kinakwenda upande. Huyo, akawaza, sasa analeta la hila.

"Halafu akawa na wasiwasi," Mkaguzi akaendelea. "Akasema, 'Lakini cherehani ilikuwa inatembea.' Nikaelewa, anaogopa hukumsikia kwa ile kelele. Ndiyo maana nimekuja, Shemeji. Kama siku ile hukusikia, leo usikie kwangu."

Mguu ukasimama.

Chumba kikanyamaza ghafla mpaka sauti za barabarani zikaingia, kengele ya baiskeli, mtu anafokea mbuzi. Binti alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Alisema hivyo?" Fundi akauliza. "Kwamba ilikuwa inatembea?"

"Maneno yake yaleyale. Tena anacheka, mpaka kikohozi kikamshika na muuguzi akaja kunikemea mimi. Sikuona cha kuchekesha. Akaongeza na jingine, lakini hilo lilikuwa la homa, nikaliacha."

"Lipi?"

"Shemeji, mgonjwa anaweza kusema chochote."

"Lipi, Shemeji?"

Mkaguzi akaizungusha fimbo yake, kama aliyeombwa atie saini kitu asichokipima. "Alisema, 'Na haikuwa na kitambaa.' Nikamwuliza, kitambaa gani, ndugu yangu? Akafumba macho, huku anacheka tu."

"Aliona," Fundi akasema.

Akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya mgeni, jinsi ambavyo hakulia hata siku ya mazishi, na katikati ya kilio akacheka, akajifuta kwa mkono wa blauzi ya mteja, ule ule ulioshonwa upande. Miezi yote ile alidhani amemwibia mume wake neno lake la mwisho. Kumbe mwenyewe aliona sindano inapiga hewani, akalisema neno lake humo humo kwenye kelele, kwa hiari yake, akijua halitahesabiwa. Halafu akaenda kumsimulia kaka yake, kama mwanamume anayesimulia jinsi mkewe alivyomshinda karata. Binti alikuwa amekuja kumshika mabega, naye analia, maana hakuhitaji kuelezwa.

"Sasa mnalia nini?" Mkaguzi akauliza, amechanganyikiwa. "Mimi nimeleta ujumbe wa kuchoma. Umesikia au hukusikia?"

"Nimesikia, Shemeji. Ahsante. Hujui ulichoniletea." Fundi akasukuma kiti nyuma, akaondoa mguu kwenye kanyagio kabisa, akauweka sakafuni ili kila mtu auone. "Sasa cherehani imesimama. Nisikilizeni. Kitabu hakichomwi. Wala hakimaliziwi na mtu."

"Lakini Mama," mhariri akasema taratibu, "si umeshakubali? Umesema ndiyo. Mara tatu."

"Cherehani ilikuwa inatembea," binti akamjibu.

Mhariri akatazama huyu, akatazama yule, akatafuta atakayemtafsiria, asimpate.

"Mwanangu, usinielewe vibaya," Fundi akamwambia. "Huyo kijana wenu sina ugomvi naye. Ila kila neno la mume wangu lilisomwa hapa, kwenye kiti hicho alichokalia Shemeji, na mimi hapa nilipo. Alikuwa anautazama mguu wangu. Ukisimama, anaacha. Ukienda, anakata. Sasa huyo kijana atamsomea nani? Chapeni kilichopo. Kinapoishia, kiishie."

"Na marehemu alivyosema hataki mtu akione kikiwa nusu?" Mkaguzi akadakia. "Hilo mnaliweka wapi?"

"Shemeji, kule hospitali kulikuwa na cherehani?"

"Cherehani hospitali? Itoke wapi?"

"Kulikuwa kimya, siyo? Na mimi nilikuwa naye kila siku. Alinisimulia paa linalovuja, akaniuliza kama nimekula, akamtania muuguzi. Kimya chote kile, angetaka nikichome, angeniambia."

Mizani hii Mkaguzi hakuwa na jiwe lake. Akanung'unika kwamba yeye ujumbe ameufikisha, mengine ni yao, lakini kitabu nusu ni kitabu gani, nani atasoma kitu kisicho na mwisho, huko ni kuwadhulumu wasomaji waliotoa pesa yao.

Fundi akanyoosha mkono kwenye kikapu cha mabaki, chini ya vipande vya khaki na maua maua, akatoa faili la kahawia na kumpa binti yake. "Nisomee zile za mwisho. Hizo hakuwahi kunisomea, pumzi ilimwishia."

"Sasa hivi, Mama?"

"Sasa hivi. Kila mtu akae."

Binti akapekua mpaka chini kabisa. Mwandiko wa mwisho ulikuwa mkubwa na dhaifu, ikabidi asogee dirishani. Akasoma. Mlinzi amefika nyumba ya mwisho ya mtaa, jua kali, funguo bado hana. Mwenye nyumba ni mwanamke asiyemjua, anamwambia akae kwanza kibarazani, mtu hawezi kueleza shida yake akiwa amesimama. Mlinzi anakaa. Tangu zilipopotea zile funguo hajawahi kukaa kwa mtu. Anavua kiatu kimoja kwa sababu kinambana. Mle ndani kuna kitu kinalia, kama gurudumu linazunguka, kisha kinanyamaza. Mwanamke anatoka mlangoni, anafuta mikono, anamwambia, haya, sasa sema. Mlinzi anavuta pumzi.

Binti akageuza karatasi, nyuma kulikuwa kweupe.

Mhariri alikuwa amesahau chai yake. Fundi alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani, kile kiganja kilichoungua juu ya kizima, na mguu wake uko palepale sakafuni.

Mkaguzi alikuwa amejisogeza mpaka kwenye ukingo wa kile kiti cha wateja, fimbo imemlalia miguuni bila habari.

"Halafu?" akauliza. "Akasemaje? Zile funguo zilipatikana?"

Fundi akamtazama shemeji yake, machozi yakimshuka tena na midomo ikimcheza kwa kicheko.

"Bado," akasema.